Mraba Ndani ya Jicho la Tetere

Jumatatu, 9 Machi

Hili ni daftari la oda za studio. Kurasa za mbele zimejaa pasipoti, harusi na mahafali. Za nyuma ni nyeupe, na kwa jinsi simu zilivyotunyang'anya wateja, zitabaki nyeupe nisipoziandika mwenyewe. Basi naandika.

Leo asubuhi Baba amenivuta mkono wa blauzi mpaka kwenye dirisha la chumba chake. Nje, chini ya ukingo wa paa, kinaning'inia kile chungu cha maua kilichokauka tangu alipougua, maana hakuna aliyekumbuka kukimwagilia. Ndani yake amelala tetere juu ya vijiti vichache vilivyopangwa ovyo, na alipoinuka kidogo nikaona mayai mawili.

"Kidevu," Baba akasema.

Miaka arobaini aliwaambia watu wa mji huu "Inua kidevu", mpaka wakamwita Mzee Kidevu na wengine wakasahau jina lake. Kiharusi kilipokuja Novemba kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua maneno yote, kikamwachia mawili: "kidevu" na "bado". Kwa hayo mawili anaomba chai, anakataa dawa na kumsalimia jirani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Mpe sababu ya kuinuka kitandani, dada. Akizoea kulala, tutampoteza."

Miezi minne natafuta sababu hiyo. Kumbe ilikuwa inajenga kiota dirishani.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Mteja mmoja, pasipoti. Alifumba macho mara tatu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimepiga picha thelathini na nane za tetere, na zote ni aibu tupu. Kiota kiko kivulini na anga nyuma yake ni jeupe, kwa hiyo ndege anatoka mweusi kama kipande cha mkaa. Nikawasha flashi mara moja tu. Tetere akashtuka, jicho likatoka kama kifungo cha koti, na mimi nikaona haya kama niliyemmulika mtu bafuni. Juu ya yote, nyuma yake kuna kamba ya saluni ya jirani na taulo zake nyekundu.

Nimemwonyesha Baba kwenye kioo cha kamera. "Bado," akasema. Ya pili, "Bado." Alipofika kwenye ile ya flashi akacheka kwa upande wa mdomo unaocheka. Sijasikia kicheko hicho tangu Novemba. Nilijitia nimeudhika ili aendelee.

Ijumaa, 13 Machi

Baba ameamka kabla yangu. Nimemkuta stoo, fimbo kwapani, anahangaika kuvuta ubao.

Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi cha mraba kilichobandikwa karatasi nyeupe, pembe moja imeliwa na panya. Umewatupia mwanga chini ya kidevu mabibi harusi wote wa mtaa huu. Nikiwa na miaka kumi na miwili ni mimi niliyekuwa nikiushika. Nikilalamika mkono umechoka, Baba alikuwa anasema bila kugeuka, "Bado, mama."

Amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, ubao ameuegemeza kwenye goti zima, mkono wa kushoto ameshika ukingo wa juu. Saa mbili na dakika kumi jua limepita juu ya ukuta wa saluni, likaangukia ubao, naye akaanza kuuinamisha taratibu, kama anayemimina maziwa asiyamwage. Mwanga ukapanda ukutani, ukafika chunguni. Kifua cha tetere kikatoka rangi ya waridi yenye madoa meusi shingoni. Sikujua kabisa kama ana rangi hiyo. Nilidhani ni ndege wa kijivu tu.

Nimesubiri, kidole juu ya kitufe. Tetere akageuza kichwa, akainua.

"Kidevu!" Baba akapaza sauti, nami nikabonyeza.

Jicho limekuwa hai. Ndani yake kuna nukta nyeupe ya mwanga. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya ndege na kifungo.

Jumatatu, 16 Machi

Mchapaji amekuja kufuata picha za mahafali, akaziona za tetere kwenye kompyuta. Ana kazi ya kalenda ya duka la dawa na anatafuta picha kumi na mbili.

"Ndege mmoja, miezi kumi na miwili?" nikamuuliza.

"Mmoja, lakini tangu yai mpaka anaporuka. Watu watampenda kama jamaa yao. Ila ziwe safi, dada. Safi kabisa."

Nilipomwambia Baba, amefungua vidole vya mkono wa kushoto mara mbili, kisha akaongeza viwili. Kumi na mbili. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaenda kulala mchana akiwa amevaa viatu, asije akachelewa kesho.

Jumatano, 18 Machi

Mvua kutwa. Baba amenyoa ndevu mwenyewe, upande mmoja. Nimemmalizia wa pili.

Jumapili, 22 Machi

Mayai yameanguliwa. Makinda ni wabaya kupindukia: ngozi nyeusi, manyoya machache ya manjano na midomo mikubwa isiyowafaa. Dada wa saluni amechungulia ukutani akasema, "Jamani, hawa nao mnawapiga picha? Si mngewaacha kwanza wapendeze."

Nimepanda stuli ili lenzi iwe sawa na macho ya ndege, maana ukimpiga kutoka chini anaonekana tumbo tu. Bado picha ilinikataa. Baba akaninyooshea fimbo, akanisukuma kiunoni, nikaisogeza stuli hatua mbili kushoto. Taulo zote zikajificha nyuma ya chungu. Akanisukuma tena kidogo, mpaka mbele ya mdomo wa ndege pakabaki nafasi tupu ya kutazama. Miaka ishirini naendesha studio hii, na bado nasukumwa kwa fimbo kama mwanagenzi.

Nimefurahi siku nzima.

Jumanne, 24 Machi

Nimeshinda kwenye kompyuta. Nimenyanyua vivuli kidogo, nimefuta vinyesi ukingoni mwa chungu, nimekata pembeni. Kwenye picha nyingi, kona ya chini, kuna ncha ya ubao na vidole vinne vya Baba. Nimevikata vyote.

Mchapaji amepiga simu baada ya kuona za mwanzo. "Nzuri, nzuri. Lakini hiyo nukta jichoni mbona ya mraba? Inaonekana kama dirisha la ofisi. Ndege wa watu hakai ofisini, dada. Iwe ya duara, kama jua."

Nimecheka. Ana haki. Nimechukua brashi ndogo na kugeuza kila mraba kuwa duara, jicho baada ya jicho, kisha nikahifadhi juu ya picha ileile. Hatuweki nakala ya pili hapa; zisizofaa nazifuta, na kadi naisafisha kila jioni. Baba ndiye aliyenizoesha: ukishamfuta mteja chunusi, hifadhi hapohapo, chunusi ya mtu isibaki kwenye droo yetu. Isitoshe, kompyuta imejaa.

Ijumaa, 27 Machi

Kaka yangu amepiga simu kutoka kwake. Nani kamwambia sijui. Namshuku dada wa saluni.

"Unamkalisha mzee kwenye unyevu kwa ajili ya ndege?"

"Simkalishi. Anakwenda mwenyewe."

"Anakohoa. Namsikia hapo nyuma yako."

"Kaka, njoo basi umzuie. Ukiweza."

Akakata simu. Ni kweli anakohoa. Nimemvalisha sweta mbili. Nikimnyima ubao atarudi kitandani, akirudi kitandani tumempoteza. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo ninavyoona kwa macho yangu. Leo nimetazama muda ulioandikwa kwenye picha ya kwanza na ya mwisho: dakika thelathini na nane. Hakuushusha ubao hata mara moja.

Jumatatu, 30 Machi

Zimefika tisa. Makinda wanaanza kufanana na ndege.

Jumatano, 1 Aprili

Nimefanya jambo baya leo na ni lazima niliandike, kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Siku nne hakukuwa na jua la maana. Leo limetoka kali, limeoshwa na mvua, na makinda wote wawili walikuwa wamesimama ukingoni mwa chungu wakipiga mbawa. Mama yao akatua katikati. Picha ya namna hiyo huipati mara mbili. Nilikuwa nimeshika pumzi.

Mwanga ukaanza kucheza. Ulipanda, ukashuka, ukamtoka ndege, ukarudi. "Baba, tulia," nikasema bila kumtazama. Ukacheza tena. "Baba!" Nikabonyeza mara tatu hivyohivyo, kisha nikasikia kishindo. Ubao ulikuwa umeanguka kwenye ndoo. Tetere akaruka, makinda wakajitupa ndani ya chungu, na mimi nikageuka juu ya stuli nikapiga kelele:

"Umeniharibia! Umeniharibia kila kitu!"

Sijawahi kumpigia baba yangu kelele maishani mwangu. Sauti iliyotoka sikuijua. Dada wa saluni aliyekuwa akianika taulo alizikusanya zote akaingia ndani.

Baba alikuwa ameinama, anajaribu kuuokota ubao kwa mkono mmoja. Mkono ulikuwa unatetemeka mpaka begani. Aliponitazama, upande wa uso wake ulio mzima ulifanana na ule mwingine.

"Bado," akasema. "Bado. Bado."

Sikujua anamaanisha picha bado, au yeye bado anaweza. Nilichukua ubao mkononi mwake. Nikachomoa kadi kwenye kamera, nikaitupa kwenye droo ya betri mbovu nisije nikaona nilichokosa.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeleta uani ile stendi ya taa ya studio, nimeubana ubao kwa vibanio viwili. Hautetemeki. Nilijiambia ni kwa ajili yake, apumzike.

Baba ametoka na sweta zake mbili saa mbili kamili. Ameitazama stendi. Ameizunguka. Amegusa kibanio kimoja kwa kidole, akakaza kidogo mahali nilipolegeza. Kisha akarudi chumbani kwake.

Ijumaa, 3 Aprili

Baba hakuinuka kitandani. Picha nzuri mbili.

Jumamosi, 4 Aprili

Hakuamka.

Jumapili, 5 Aprili

Mchapaji ameandika: "Hizi mbili ndizo bora kuliko zote. Sasa umepata mkono wenyewe." Zimekuwa kumi na moja. Nimesoma ujumbe wake nikatamani kuitupa simu. Mwanga umesimama mahali pamoja kama askari, ndege akisogea haumfuati. Yeye haoni hilo. Labda hakuna atakayeliona.

Nimeitoa stendi, nimeubandua ubao, nimempelekea kitandani.

"Baba, nisamehe. Nilikosa adabu. Njoo ushike wewe, mimi siwezani na lile lidude."

Amegeuka kutoka ukutani. Ameushika ukingo wa ubao kwa vidole, hakuweza kuuinua. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Jumatatu, 6 Aprili

Hospitali. Nimonia. Tulipokuwa tunamtoa chumbani nimetazama dirishani: kinda mmoja alishaondoka, wa pili alikuwa juu ya ukuta wa saluni. Sikuwa na kamera, wala sikuitaka.

Jumatano, 8 Aprili

Kaka amefika. Tumekaa kila mtu upande wake wa kitanda, hatukulaumiana. Ingekuwa heri angenilaumu.

Asubuhi jua lilipoingia wodini, Baba aliinua mkono wa kushoto juu ya blanketi, vidole vimekunjwa, akaushikilia hewani, akauinamisha kidogo kuelekea kwangu. Muuguzi akadhani anaomba maji. Kaka akadhani anaaga. Mimi nilijua. Alikuwa ananitupia mwanga usoni.

Nikaushika mkono, nikauteremsha. "Pumzika, Baba. Picha zimetimia."

"Bado," akasema.

Alihesabu vizuri kuliko mimi. Zilikuwa kumi na moja.

Alhamisi, 9 Aprili

Baba amefariki saa tatu kasorobo asubuhi. Mvua.

Jumanne, 14 Aprili

Tumemzika Jumamosi. Leo Kaka anataka picha ya Baba ya kuweka kwenye fremu sebuleni, na ndipo tulipogundua. Tumepekua kabati, madroo, kompyuta yote. Nyumba hii imepiga picha mji mzima na haina picha ya mwenyewe. Ipo moja ya pasipoti, ya miaka ishirini na mbili iliyopita, amekasirika kwa kuwa niliyempiga ni mimi na nilichelewa kubonyeza.

"Hata mwezi uliopita hukumpiga hata moja?" Kaka akauliza. "Si mlikuwa na kamera uani kila siku?"

Tangu kiharusi alikuwa anauficha mdomo kwa kiganja kila nikielekeza lenzi kwake. Nikaacha. Na vidole vyake vinne, vilivyojileta vyenyewe kwenye kona za picha, nilivikata kimoja kimoja nikaona nafanya kazi safi. Nimemwambia Kaka hilo la mdomo. La vidole nimeshindwa.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeamka na wazo moja, nikaenda kwenye kompyuta kabla ya kunawa uso.

Jicho la tetere ni kioo. Kama ubao ulionekana ndani yake kama mraba, aliyeshika ubao alikuwa wapi? Alikuwa palepale. Nikafungua picha ya kwanza, ile ya tarehe kumi na tatu, nikalivuta jicho mpaka likajaza kioo kizima. Duara jeupe, laini, limepakwa vizuri. Ya pili, duara. Ya tatu. Ya nne. Nimezifungua tisa zote zenye mkono wa Baba na kwenye kila jicho nimekuta brashi yangu. Alikuwemo ndani ya zote tisa, nami nikamfuta kama chunusi, nikahifadhi hapohapo.

Nililia kwa sauti studioni, mlango uko wazi. Mteja aliyesimama na bahasha yake alirudi nyuma polepole akaondoka.

Dada wa saluni ndiye aliyeingia. Alinishika mabega, akaniuliza kuna nini, nikamweleza huku nakwama.

"Na ile siku uliyofoka?" akasema. "Zile nazo ulizisafisha?"

Droo ya betri mbovu.

Kadi ilikuwa na picha tatu. Mbili zimetikisika, hazina maana. Ya tatu imepinda, kinda mmoja amekatwa mbawa, taulo nyekundu imejitokeza nyuma. Lakini jicho la mama yao ni kali kama lililochongwa. Nikavuta. Nikavuta tena.

Mraba umo, mweupe, umeinamia upande. Pembeni mwake kuna mstari mwembamba mweusi, ambao ni mkono. Juu ya mraba kuna kichwa kidogo kuliko punje ya mtama. Nikaogopa kwamba naona ninachotaka, kwa hiyo sikusema kitu, nikasogea tu ili dada wa saluni aone.

Aliinamia kioo. "Si Mzee Kidevu huyu?" akasema. "Mtazame. Na chake mwenyewe amekiinua."

Jumatatu, 20 Aprili

Mchapaji amekuja kuchukua ya kumi na mbili.

"Hii imepinda, dada. Na ule mraba umerudi."

"Ndiyo. Umerudi."

"Tunauacha?"

"Tunauacha. Picha yenyewe usiiguse popote."

Aliitazama, akanitazama, na nadhani mtu alikuwa amemwambia kuhusu msiba, maana hakubishana. Akauliza aiweke mwezi gani. Nikamwambia Aprili. Kaka ameondoka na nakala yake kwenye fremu. Ameitaka nzima, na ndege na taulo, siyo kipande.

Jumamosi, 23 Mei

Mvua zimeisha. Tetere wamerudi kwenye chungu, sijui ni walewale au wengine, wanaongeza vijiti vitatu juu ya vile vya zamani na kuona wamejenga.

Leo sikuchukua kamera. Nimekaa kwenye kiti cha Baba, ubao juu ya goti langu, nikaushika kwa mkono wa kushoto peke yake kama alivyoushika. Saa mbili na dakika kumi jua likapita ukuta. Nikamtafuta ndege kwa mwanga, nikampata, kifua kikawa waridi. Nikatazama saa, nikiwaza zile dakika thelathini na nane za Baba.

Nina miaka arobaini na sita na mikono yangu miwili ni mizima. Dakika ya nne mkono umeanza kutetemeka. Dakika ya saba nimeushusha.